Nyanya za Kufungashiwa

Msimulizi wa habari hii, alipoisikia kwa mara ya kwanza, aliuliza juu ya bastola, magari na redio. Hakuuliza mgeni aliondoka amebeba nini. Hata Mwanaheri, aliyelipwa na Serikali ili asipitwe na kitu, alichelewa kuuliza.

Mwaka ulikuwa 2003. Saa za asubuhi.

Land Cruiser nyeupe ilipasua vumbi la barabara ya Lusewa. Mbele yake ilikimbia Suzuki Escudo ya kijani.

Redio ya Codan ikakoroma.

"Mpini, hapa Jembe. Uko wapi?"

"Nimeshapita Namtumbo. Namwona."

"Asifike mtoni."

"Hafiki."

Jembe alikuwa Kajetani, mkuu wa kazi, ambaye wakati huo alikuwa ameegesha gari lake mtaa wa Bombambili, mlangoni kwa Beata. Mpini alikuwa Mwanaheri mwenyewe, mzaliwa wa Namasakata, mwanamke wa maneno machache, bastola ya Browning chini ya koti.

Beata alikuwa mtafiti wa mazao. Kwa misimu mingi alikuwa akichagua na kupanda, akichagua na kupanda, mpaka akapata nyanya ambayo mnyauko uliokausha bustani za bonde zima uliipita bila kuigusa. Sheria ya kulinda haki za wagunduzi wa mbegu mpya ilikuwa imekwisha kutungwa. Ombi la Beata lilikuwa bado halijapelekwa.

Calvin, dereva wa ile Escudo, alilijua hilo.

Soko la mbegu lilikuwa limefunguliwa kwa wageni, na pamoja na wafanyabiashara wema waliingia wa aina yake. Ng'ambo ya Ruvuma palikuwa na mtu akimngoja. Waliomtuma wangeisajili nyanya ile kwanza, kwa jina jingine, na Beata angekuwa mgeni mbele ya kazi ya mikono yake.

Asubuhi ile pakiti za mbegu hazikuwapo kabatini. Calvin, aliyejitambulisha kuwa alisoma chuo kimoja na Beata, akalala hapo siku mbili, naye hakuwapo.

Penye mabani ya kukaushia tumbaku barabara ilipinda. Mwanaheri hakupinda nayo. Alikata katikati ya shamba lililovunwa, akatokea mbele, akaiweka Land Cruiser kikingamo.

Escudo ilifunga breki.

"Zima gari. Mikono juu ya usukani."

Calvin alizima. Shati lake jeupe lilikuwa na mikunjo ya pasi.

"Dada yangu, ungepiga honi tu, ningesimama."

"Pakiti."

"Zimo humu kwenye droo. Chukua."

Mwanaheri alizichukua na kuzikagua. Zilikuwa zote, hazijafunguliwa, na alama ya Beata juu yake. Akamfunga Calvin pingu kwenye usukani. Kazi ilikuwa imekwisha.

Isipokuwa jambo moja. Mtu aliyepoteza kila kitu alikuwa akipiga mluzi.

Mwanaheri alirudi kwenye redio.

"Jembe, mama mwenye nyumba yupo?"

"Bibi Ludovika? Yupo hapa, anapeta mchele."

"Mpe redio."

Kisha sauti ya mtu mzima.

"Haya, kijana wenu anasema nibonyeze hapa. Nimebonyeza."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Yule mgeni alipoaga, ulimfungashia nini?"

"Sasa mgeni ataondokaje mikono mitupu? Mtu ameingia kwangu na Tumsifu Yesu Kristo, akanichotea maji, akanipasulia kuni. Nilimfungashia nyanya."

"Zipi, bibi?"

"Za Beata, za nyuma ya nyumba. Zilizoiva vizuri. Au ulitaka nimpe zilizooza?"

Nyuma ya sauti hiyo ilisikika nyingine, ya Beata.

"Mama."

Neno hilo moja tu.

Nyanya ya Beata haikuwa chotara. Mbegu iliyomo ndani ya tunda ingezaa tunda lilelile. Aliyekuwa na kikapu kimoja alikuwa na shamba zima.

Kikapu kilikuwa nyuma ya kiti cha dereva, kimefunikwa kanga. Mwanaheri alipoifunua, mluzi ulikoma.

"Hizo usiziguse," alisema Calvin. "Pakiti niliiba, sikatai. Hizo nimepewa. Nipeleke mahakamani pamoja nazo, ukipenda. Wakili wangu atamwita yule mama kizimbani, atamuuliza swali moja tu: kabla ya huyu, umewafungashia wageni wangapi? Halafu atamuuliza hakimu kama nyanya iliyokwisha kugawiwa mji mzima bado ni mpya."

Swali hilo lilikuwa limeshamjia Mwanaheri mwenyewe. Hakulitoa redioni, kwa sababu redio husikilizwa na wengi, na kwa sababu aliliogopa jibu. Mama yake mzazi, kule Namasakata, angemfungashia mgeni vilevile. Na angechagua zilizo bora.

Alikifunika tena kikapu.

"Ni kweli, umepewa," alisema. "Umepewa za kufanyia nini?"

"Za kula. Za nini tena?"

"Basi tutazila."

Lusewa, penye kibanda cha mama lishe aitwaye Devota, Mwanaheri aliomba samaki wawili na sufuria kubwa kuliko zote.

"Nyanya zote hizi kwa samaki wawili?" Devota alicheka. "Mnapika mchuzi au mnapaka nyumba rangi?"

"Zichemke mpaka zivurugike kabisa."

Mwanaheri alisimama karibu na moto mpaka mwisho. Mbegu zilipanda na kushuka ndani ya mchuzi. Mbegu iliyochemka haioti. Vikonyo na vipande vilivyobaki alivisukumia kwenye makaa kwa ncha ya kiatu.

Calvin alitengewa sahani, mkono wa kulia ukiwa huru.

"Kula," Mwanaheri alisema. "Zawadi ya mtu mzima haikataliwi."

Alikula. Walikula pia vibarua waliotoka kwenye tumbaku, wakasifu.

"Nyanya tamu hizi," Devota alisema, akilamba mwiko. "Mbegu yake inapatikana wapi?"

"Bado," Mwanaheri alijibu.

Hakuweza kumtazama alipokuwa akisema hivyo.

Alirudi garini.

"Jembe, hapa Mpini. Pakiti ninazo. Mgeni ninaye."

"Na nyanya?"

"Zimeliwa."

Kisha ikaja sauti ya Bibi Ludovika, safari hii ndogo.

"Mwanangu, kwa hiyo nilikosea kumpa?"

Mwanaheri alibonyeza kitufe, akakiachia, akakibonyeza tena.

"Hapana, bibi. Hukukosea."

Alisema kweli. Alijua pia kwamba kweli hiyo isingemsaidia yeyote mbele ya hakimu.

Alimkabidhi Calvin polisi Namtumbo kwa kosa la pakiti, na la pakiti tu. Alitia saini, akapangusa vumbi kwenye miwani yake ya Ray-Ban, akaivaa, akaondoka bila kugeuka.

Baadaye Beata alipata cheti chake cha haki ya mbegu. Nyuma ya nyumba sasa pana uzio wa seng'enge, na Bibi Ludovika, akitaka kumfungashia mgeni, humwuliza binti yake kwanza.