Mtoto Aliyekunywa Maziwa Wakati wa Mfungo

Meklit aliokotwa kwenye uwanja wa shule mjini Dessie, Ethiopia, amezimia, mifupa mitupu. Shangazi yake, Zewditu, ndiye aliyekimbilia polisi. Alisema mama wa kambo anamnyima mtoto chakula. Kufika adhuhuri mama huyo, Werknesh, alikuwa mahabusu, na majirani wameshamhukumu.

Inspekta Yeshi hakuwa mtu wa kukurupuka. Alikwenda kwanza nyumbani kwao, akaona wote hula injera, ule mkate mpana wa chachu, kwenye sinia moja. Utamnyimaje mtu chakula ambacho mkono wake unakifikia? Jirani mmoja akadai mtoto ni mtakatifu tu, anafunga Kwaresima kuwashinda mapadri.

Hospitalini, Daktari Hirut alikuwa amekwisha kumpima. Hakukuta minyoo, kifua kikuu wala sumu.

"Basi ni ule ugonjwa wa kuogopa unene?"

"Hapana, afande. Kukonda kwake kunamliza. Tena maziwa ya sukari anayanywa vizuri, hata nyumbani ndiyo yaliyomweka hai. Anayeogopa unene asingeyagusa."

"Wala anayefunga," Inspekta akasema polepole. "Kwaresima yetu, maziwa ni mwiko kama nyama."

Daktari akamweleza kuwa magonjwa ya kujinyima chakula hayafanani. Wapo wanaoogopa mwili, na wapo wanaoogopa chakula chenyewe. Hao wa pili, mara nyingi kuna siku walitishika.

Nimewaona polisi wengi wanaojua kufunga watu. Anayejua kumngoja mtoto aseme, namjua Yeshi peke yake. Aliketi kitandani, akauliza tu ni lini Meklit alikula injera mara ya mwisho.

"Harusini, kabla ya mfungo," mtoto akanong'ona. Akashika koo, akitazama mlangoni aliposimama shangazi.

Inspekta akamtoa Zewditu nje.

"Ulimlisha tonge wewe?"

"Nani halishi mtoto wa kaka yake kwa mkono wake? Ndiyo mapenzi yetu."

"Tonge gani?"

Zewditu akainama. "La nyama, kubwa. Alifumba mdomo, watu wakanicheka kuwa mtoto ananikataa. Nikalisukuma. Likamkaba, midomo ikawa buluu. Lilipotoka nikamkataza asiseme."

"Ukamsingizia Werknesh."

"Kaka angejua, asingeniruhusu kwake tena. Mimi sikuzaa, afande. Nina huyu tu."

Werknesh aliachiwa siku ileile. Alimpita wifi yake, akaingia wodini na uji mwepesi. Hakumlisha. Alimpa Meklit kijiko akishike mwenyewe, akangoja.