Rambirambi Hupelekwa Msibani

Mwaka wa tisini na saba ulipokuwa unaelekea ukingoni, Getruda aligombana na mvua kila asubuhi. Alianika dagaa juu ya mawe ya Kirumba, kando ya ziwa, mvua ikaja. Akawaanua, jua likatoka. Akawaanika tena, mvua ikarudi.

"Wewe mvua, huna kwenu?" alifoka. Wenzake wakacheka.

Wote walikuwa kina mama wa kikundi cha Tupendane, na Getruda alikuwa mwenyekiti wao. Walinunua dagaa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi ilipotia nanga, wakawakausha na kuwauza. Siku hizo za biashara huria wanunuzi walikuja kutoka kila upande. Mashirika nayo yalikuja, mengine ya kweli na mengine Mungu ndiye ajuaye.

Lakini mvua ile haikuwa ya kuchekwa. Ng'ambo ya ghuba, katika kijiji cha Nyamabele, mto ulifurika. Ulichukua nyumba, mihogo na maghala. Rebeka, mdogo wake Getruda, aliishi huko na mumewe Mayala na watoto wao. Mawasiliano yalikatika. Getruda hakujua mdogo wake analala wapi.

Ndipo akafika Venant.

Alishuka kwenye gari jeupe lenye maandishi ya shirika la misaada mlangoni. "Mwangaluka!" aliwasalimu kwa Kisukuma, nao wakaitikia kwa furaha. Kisha akatoa picha ya mtoto aliyekaa juu ya paa.

"Mama zangu, huyu ni wa Nyamabele. Hajala."

Getruda akaangua kilio. Kikundi kizima kikalia naye.

Sasa, huku kwetu mtu akija na habari za msiba, hahojiwi. Unafungua pindo la kanga, unatoa rambirambi, unaitia mkononi, basi. Kina mama wale waliona gharika ni msiba, na msiba una adabu zake. Walibeba magunia ya dagaa wakayapakia garini.

Mastura, mama yake Raya na jirani yake Getruda, alifungua kinywa kuuliza. Getruda akamkata jicho.

"Mama Raya, usituaibishe mbele ya mgeni!"

Mastura akarudi nyuma. Gari likaondoka.

Baadaye Mayala alifika kwa mtumbwi. Alikuwa amekonda, na matope yamemkaukia magotini.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, shemeji. Poleni sana. Dagaa mliwapata?"

"Dagaa gani?"

"Tuliowatuma kwa gari!"

Mayala akatikisa kichwa. "Gari hilo hatujaliona. Tena, shemeji, nisikufiche. Rebeka anasema umeshakuwa mtu wa mjini. Anasema umemsahau."

Getruda akakaa chini pale pale penye mawe. Kuibiwa kulimuuma, lakini neno la Rebeka lilimchoma zaidi.

Mastura angeweza kusema, "Si nilitaka kuuliza mimi?" Badala yake alimshika mkono mwenzake. "Simama. Twende kwa Dorotea."

Dorotea alikuwa bibi maendeleo wa kata, mshauri wa vikundi vya kina mama. Walimkuta kwake mlimani, anamenya viazi.

"Mimi sitoi tena," Getruda alisema hata kabla ya kukaa. "Mashirika yote ni wezi!"

"Aa, mwenzangu. Ukiumwa na mbwa mmoja, utaua mbwa wote wa Kirumba? Ukiacha kutoa, atakayeumia si Venant. Ni mdogo wako."

"Sasa nifanyeje? Rambirambi haina maswali."

Dorotea akaweka kisu chini. "Hebu niambie. Rambirambi huwa unaipeleka wapi?"

"Msibani."

"Unampa nani?"

"Mfiwa mwenyewe. Au kamati ya msiba."

"Na mtu usiyemjua akikusimamisha njiani akasema, nipe rambirambi ya fulani, nitamfikishia?"

Getruda akacheka bila kupenda. "Simpi! Ataila."

"Ndiyo hivyo hivyo! Shirika nalo liulize. Ofisi yenu iko wapi? Viongozi ni nani? Mmeandikishwa? Mnasaidia kijiji gani, na uongozi wa kijiji unawajua? Halafu usikubali jibu lake peke yake. Nenda ukahakikishe. Ukitoa, dai stakabadhi."

"Lakini alikuwa na gari na picha," alisema Getruda.

"Gari huandikwa chochote mlangoni. Picha yaweza kuwa ya popote. Anayekuharakisha na kukuliza machozi, mwogope. Shirika la kweli halikasiriki ukiliuliza. Na jambo moja zaidi: uliza watu wanahitaji nini. Usipeleke tu ulichonacho."

Venant alirudi, kama nzi anavyorudi kwenye dagaa. Alitaka magunia zaidi. Safari hii Getruda alisimama mbele ya gari.

"Karibu, baba. Cheti cha kuandikishwa kiko wapi?"

"Mama, watu wanakufa, wewe unataka karatasi?"

"Kwa kuwa wanakufa, ndiyo maana nauliza. Mwenyekiti wa kijiji cha Nyamabele anaitwa nani?"

Venant akatazama saa yake. Mayala, ambaye bado alikuwa Kirumba, akasogea. "Mimi natoka huko huko, ndugu. Nipe lifti, tukawagawie pamoja."

Venant aliingia garini akaondoka kwa kasi. Mastura alikuwa ameshika namba ya gari kichwani, akaipeleka polisi.

Siku iliyofuata Getruda, Mastura na Mayala walikwenda mjini, Nyamagana, kutafuta shirika la kweli. Ofisi ya kwanza ilikuwa na viti vizuri, lakini hakuna aliyeweza kuwatajia kijiji hata kimoja walichokisaidia. Wakaaga. Ya pili ilikuwa chumba kidogo cha kamati ya misaada ya makanisa na misikiti. Kijana aitwaye Paulo aliwajibu kila swali, akawaonyesha cheti, akawatajia wajumbe wa kamati ya kijiji cha Nyamabele.

"Kweli," alisema Mayala. "Na maturubai tunayolala chini yake, walileta hawa."

Dorotea naye aliulizia kwenye ofisi ya wilaya. Huko nako kamati hiyo ya misaada ilijulikana.

"Basi tuwape dagaa," alisema Getruda. "Au watu wanahitaji nini?"

"Asante, mama, lakini chakula kimeanza kufika," alijibu Paulo. "Sasa watoto wanaharisha kwa maji machafu. Wanahitaji ndoo zenye mifuniko, na mbegu za mahindi."

Kikundi kikauza dagaa, kikanunua ndoo na mbegu, kikapewa stakabadhi. Paulo akasema, "Njooni wenyewe mshuhudie."

Getruda alivuka kwa boti pamoja na mizigo. Pale Nyamabele alimwona Rebeka kati ya watu. Rebeka naye alimwona, akageuza uso. Hakumwamkia dada yake.

Kamati ya kijiji iliita majina mbele ya wote. Mganga wa zahanati alieleza namna ya kuchemsha maji na kuyafunika. Rebeka akapokea ndoo yake.

"Hizi," alisema mwenyekiti wa kijiji, "zimetoka kwa kina mama wa Tupendane, Kirumba. Waliuliza kwanza tunahitaji nini."

Rebeka akaitazama ndoo, akamtazama dada yake. Kisha akaiweka chini, akapita katikati ya watu hadi mbele yake, akapiga goti.

"Shikamoo, dada."

Getruda alimwinua kwa mikono miwili, machozi yanamtoka.

"Marahaba, mdogo wangu. Marahaba."