Sura ya Tano

"Mwalimu, kamba hii ni ya mablanketi, si ya vitabu!"

"Shangazi Kuang, vitabu viko kwenye mbao. Kamba yako sijaigusa."

"Na mbao ziko chini ya kamba! Nipite wapi, hewani?"

Ruan Qingyi akamtazama jirani yake, akapangusa jasho. Gauni lake la buluu lilikuwa limeshamganda mgongoni. Jua la Nanjing lilikuwa kali, na kila kiangazi huanika vitabu vyake uani visiote ukungu: mashairi ya Kichina huku, ya Kizungu kule. Kuyalinganisha ndiyo kazi yake chuoni. Sasa chuo kimoja cha Ureno kilikuwa kinamtaka, na jibu lilihitajika kesho. Kazi aliitaka. Zaidi ya kazi alimpenda Shouren, daktari wa meno wa ng'ambo ya barabara. Lakini alipomweleza habari hizo, jamaa alijibu neno moja tu: "Nenda." Tangu hapo kimya, huku na huku.

Simu ikalia.

"Unaanika vitabu?" Alikuwa Shouren.

"Nani kakwambia?"

"Sauti ya Shangazi Kuang imefika mpaka kwenye kiti cha mgonjwa. Qingyi, anayehama hufunga vitabu, haaniki."

"Si wewe uliyesema niende?"

"Kitabu chako ndicho kilichonifundisha! Umeandika kwamba washairi wetu huwasindikiza wapenzi wao kimyakimya, anayebaki haombi kitu."

"Hao walikufa zamani, mpenzi! Na sura ya tano je? Wazungu wanaopiga kelele chini ya dirisha la mpenzi?"

"Mimi nimefika ya tatu."

Qingyi akacheka mpaka machozi. Shangazi Kuang akasogea asikie vizuri.

Mara geti likabamizwa. Shouren huyo, koti jeupe, barakoa kidevuni, akasimama katikati ya vitabu. Madirisha yote yakajaa vichwa.

"Usiende!" akapaza sauti. "Au nenda, lakini urudi tufunge ndoa!"

"Mwaka mmoja tu," Qingyi akasema. "Nikirudi, tufunge. Likizo utakuja?"

"Nitakuja, kwani Wareno hawana meno?"

"Na mgonjwa umemwacha na nani?" Shangazi Kuang akadakia.

"Anangoja ganzi ishike."

"Basi kamalizane naye, uje naye hapa, yeye atakunywa supu. Nyie wa madirishani, shukeni mwondoe vitabu, blanketi langu lipate jua. Bata wa chumvi nimeshamkata. Mwalimu, unangoja nini hapo juani? Ingia kwangu ule."