Sumu ya Panya kwenye Dripu

Heydar alikuwa mwokaji mikate mjini Yazd. Kila alfajiri yeye ndiye aliyewasha tanuri. Mwezi mmoja fizi zikaanza kumtoka damu, na mwili ukajaa mabaka meusi. Hospitali wakasema ni saratani ya damu.

Mkewe, Mahrokh, akauliza jina la dawa. Aliposikia ni aseniki, akaanza kukusanya nguo za mumewe. Ndiyo sumu waliyotegea panya stoo.

"Mume wangu si panya," alimwambia nesi Farangis. "Namrudisha nyumbani."

"Keti kwanza, dada yangu. Seli za mwili hujisafisha. Protini ikiharibika, seli huitia alama, kisha huikatakata. Protini moja mbovu ya Bwana Heydar imegoma kutoka, inazuia seli za damu zisikomae. Dawa hii huishika, ikatiwa alama, seli ikaikatakata yenyewe."

"Basi si nikanunue sokoni?"

"Usithubutu. Ya sokoni itamuua. Hii imepimwa, na moyo wake tunauchunguza. Akikosa pumzi, akivimba au akipata homa, semeni hapo hapo."

Mahrokh akakubali, roho juu.

Siku ya tano ya dripu Heydar alikuwa akihema. Daktari akaingia. "Waonaje hali, Bwana Heydar?"

"Mzima kabisa, daktari. Kivuli chako kisipungue. Usisumbuke."

Ndiyo adabu ya kwao: mtu humwombea mwenzake kivuli, yaani maisha marefu, wala hamchoshi kwa maumivu yake. Daktari akageuka aende zake. Mahrokh aliogopa kumuumbua mumewe mbele ya watu. Ila ujane aliuogopa zaidi.

"Anakudanganya, daktari. Tangu jana hawezi kulala chali. Viatu havimwingii."

"Mahrokh, unaniaibisha," Heydar alinong'ona.

"Aibika, lakini uishi."

Daktari alimsikiliza mapafu, uso ukambadilika. "Protini ile ikivunjwa, seli hukomaa kwa wingi, na maji huweza kujaa mapafuni. Ungenyamaza mpaka kesho, mama, tungemkosa." Saa ile ile akapewa dawa ya kutuliza uvimbe. Baada ya siku tatu pumzi ilirudi.

Matibabu yalichukua miezi. Kipimo cha mwisho hakikuiona tena protini ile.

"Waonaje hali?" daktari akauliza.

Heydar alimtazama mkewe kwanza. "Goti la kushoto linauma," akasema. "Usingizi haba. Na chai yenu hapa, daktari, ni mbaya sana."

Mahrokh akashusha pumzi.