Gurudumu la Nne la Tramu

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Rawan alivaa ovaroli juu ya nguo zake, akafunga mtandio wake vizuri na kwenda kwenye karakana ya ami yake, Badr, mtaa wa pili kutoka kwao, katika kitongoji cha Darsait. Humo mlikuwa na tramu kuukuu, behewa la abiria la kupita kwenye reli za mjini, iliyoletwa kwa meli kutoka Bara Hindi. Ami Badr na watoto wa ndugu yake, Rawan na kaka yake Hisham, walikuwa wakiitengeneza upya kwa ajili ya makumbusho madogo ya reli aliyokuwa akiyaanzisha ami huyo kwenye ua wa karakana.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Gurudumu halikupakwa rangi kabla ya kugongwa kwa nyundo. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa mlio mfu, kama mtu aliyegonga gunia la mchele. Aliyegundua ufa alichora duara la chaki, na hakuna aliyeruhusiwa kulifuta ila Ami Badr mwenyewe.

Siku ya Jumanne Rawan alimaliza kusugua kutu kwenye gurudumu la nne. Akaligonga. Likatoa mlio mfu. Akachora duara. Ami Badr alikuwa amekwenda kwenye ofisi za serikali kule Al Khuwair kufuatilia kibali cha makumbusho, kwa hiyo Rawan akamwambia Hisham, "Ami akirudi mwambie."

"Nimekusikia," alijibu Hisham.

Jumatano Rawan hakwenda karakana, alibaki nyumbani kuandaa vitafunio vya wageni. Alhamisi ilikuwa siku ya ufunguzi wa makumbusho. Rawan alipofika, bibi yao, Bibi Sayyida, alikuwa ameshaketi ndani ya tramu pamoja na watoto wadogo wa ukoo. Rawan akainama kutazama chini. Gurudumu la nne lilikuwa linang'aa kwa rangi nyekundu.

Damu ikamchemka. "Hisham! Nani kafuta chaki yangu?"

"Chaki gani? Yalla, sogea, tunaisukuma."

"Ulimwambia Ami?"

"Gurudumu hilo ni zima. Masikio yako ndiyo yaliyojaa kutu."

Watoto wakaangua kicheko. Rawan akasimama katikati ya reli iliyoelekea uani, mbele ya tramu, akakunja mikono.

"Rawan, toka njiani," alisema Ami Badr. "Wageni wako mlangoni."

"Sitoki! Lina ufa!"

"Limeshapakwa rangi, maana yake limeshagongwa. Tangu lini unanijibu hivi mbele za watu? Toka!"

Machozi ya hasira yalimtoka Rawan. Akamgeukia kaka yake. "Muuaji wewe!"

"Astaghfirullah!" Bibi Sayyida alichungulia dirishani. "Badr, si uligonge tu? Utapungukiwa nini?"

Rawan hakungoja ruhusa. Alinyakua nyundo mezani, akagonga gurudumu la kwanza. Likalia, mlio ukajaa karakana nzima. Akagonga la nne. *Dub.*

Hakuna aliyecheka tena. Ami Badr akachukua patasi, akapiga magoti na kukwangua rangi. Pati, lile bandiko la kuzibia nyufa, ikabanduka vipande vipande, na ufa ukaonekana, umetoka katikati ya gurudumu hadi ukingoni.

"Nishusheni," alisema Bibi Sayyida. "Watoto kwanza."

Ami Badr aliwateremsha mmoja mmoja. Kisha akamkabili Hisham. "Umeziba ufa kwa pati? Na mama yangu yumo ndani?"

"Nilidhani ni mwendo mfupi tu, Ami," alisema Hisham, macho chini. "Gurudumu jipya lingechukua miezi. Nawe ulisema lazima iwe Alhamisi, hutaki kusikia neno jengine."

Ami Badr akatoka kuwaambia wageni ukweli: tramu itatazamwa tu, haitatembea, kwa sababu ina gurudumu bovu.

Rawan alikuwa bado anahema. Bibi Sayyida akamshika mkono. "Mwanangu, lile neno la muuaji, mwombe radhi kaka yako. Hili la gurudumu, usimwombe mtu radhi."

Rawan alimwomba radhi, ingawa neno lilimtoka kwa shida. Hisham naye aliomba, na kwa wiki nzima hawakuzungumza zaidi ya hapo.

Gurudumu jipya lilisubiwa kiwandani, chuma kikayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, likafika baada ya miezi mitatu. Hisham aliligonga mwenyewe kabla ya kugusa rangi, kisha akampa Rawan nyundo naye aligonge. Likalia vizuri. Jioni hiyo Bibi Sayyida alipanda, wakaisukuma tramu kutoka karakana hadi mwisho wa ua, naye anacheka na kuwaamuru waongeze mwendo.

Aliposhuka, Ami Badr aliwaita watoto wote.

"Siku ile mimi nilikasirika kwa sababu ya wageni," alisema. "Hisham alificha kwa kuniogopa mimi. Rawan peke yake alikasirika kwa ajili ya watu waliokuwa ndani. Wanangu, Mwenyezi Mungu anatuona hata tunapopaka rangi. Mkiona ufa, semeni. Nikifoka, semeni tena."