Mashine Isiyosubiri "Ila"

Mwamshi, mashine ya hospitali, alikuwa akihesabu askari wa mwili wa Yotamu Nyagawa, na kwa kila askari aliyempata alitoa mlio mdogo kama wa tone la maji. Mtu mwenye afya njema, kwa kipimo kile kile cha damu, angepigiwa milio mia nane na zaidi. Yotamu alipigiwa thelathini na nane, kisha chumba kikanyamaza.

Ulikuwa mwaka 2079, na Mwamshi ndiye aliyekuwa fahari ya Makambako. Watu walipanda treni ya sumaku kutoka mikoa mitano kumfuata. Virusi vya UKIMWI vyenyewe havikusumbua tena watu kama zamani: kijiti kidogo kuliko punje ya mchele kiliwekwa chini ya ngozi ya mkono, nacho kikavifubaza kwa miaka kumi. Kilichosumbua ni kinga. Mtu aliyechelewa kuanza dawa, askari wake wa mwili, zile seli za CD4, walirudi kwa kujikongoja, mwaka, miwili, na katika kusubiri huko wengine waliondoka na kifua kikuu. Mwamshi aliifanya miaka miwili kuwa siku tisa. Aliweka kijiti, akachota seli changa kwenye uboho wa mifupa, akazifunza uaskari, akazirudisha mwilini zikiwa maelfu kwa maelfu.

Aliyemuunda alikuwa Mhandisi Subilaga Mwaisumo, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mfupi, mwenye haraka ya kuzaliwa nayo. Hata chai aliinywa amesimama. Alimpa Mwamshi sauti ya heshima, kwa kuwa zilimchukiza mashine zinazomuuliza mtu mzima habari za chooni kabla hata ya kumsalimu. "Yangu ina adabu," alipenda kujisifu, na kweli ilikuwa nayo.

"Shikamoo, mzee Yotamu," alisema Mwamshi.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Na wewe mzee, u hali gani?"

"Sijambo, namshukuru Mungu."

"Na nyumbani?"

"Wote wazima."

"Nashukuru kusikia. Sasa tulia, utasinzia kidogo."

Nyuma ya kioo, Subilaga aliyaona maandishi yakipita: MALALAMIKO, HAKUNA. KUAMSHA KINGA, RUHUSA.

Mlangoni alikuwa amesimama Ezelina Mligo, muuguzi aliyebakiza miezi mitano kustaafu, na shuka mkononi. Alimwona Yotamu akigeuza uso kuikwepa taa. Alimwona akitaka kuinamisha kidevu ili autazame mkono wake, shingo ikakataa. Ezelina akalitupa shuka kwenye kiti.

"Simamisha!" alisema.

"Nisimamishe nini?"

"Mashine, Injinia! Zima kwanza, tutagombana baadaye."

Subilaga akazima huku akinuna. Ezelina akaingia, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Kamwene, kaka," alisema, kwa salamu ya watu wa huku.

"Kamwene, sista."

"Hujambo lakini?"

"Sijambo."

Ezelina hakuongeza neno. Alianza kumkunja Yotamu mkono wa shati, polepole, mtu asiye na safari. Subilaga alitazama saa mara tatu.

"Ila kichwa tu," Yotamu akasema.

"Kimefanyaje?"

"Kinagonga, wiki ya tatu sasa. Na juzi nimetapika, ila nadhani ni maharage."

"Mbona hukumwambia Mwamshi?"

Yotamu alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Alikuwa ananisalimia, sista! Mtu anakusalimia, wewe unammwagia maradhi?"

Nyuma ya kioo Subilaga akaisahau saa. Yeye mwenyewe alizungumza hivyo kila siku ya Mungu. Habari za huko? Nzuri, ila babu ametutoka jana. Hata aliyefiwa huanza na nzuri, na habari yenyewe hufuata nyuma, baada ya ila. Lakini alipomfunza Mwamshi lugha, alimfunza kwamba sijambo maana yake sina jambo, na asiye na jambo hapimwi fangasi wa ubongo. Kipimo kile kilikula saa tatu na foleni ilifika getini. Ni yeye aliyeamua, kwa mkono wake, kwamba wapimwe wenye malalamiko peke yao.

Walimpima Yotamu. Fangasi walikuwepo, tele.

"Kwa hiyo leo sianzi?" Yotamu aliuliza.

"Wiki tano za dawa ya fangasi kwanza," Ezelina alimwambia. "Kinga baadaye."

"Hapana, sista. Miaka sita nalikwepa jengo hili. Napita ng'ambo ya barabara nikijifanya naongea na simu. Leo nimekuja kwa miguu yangu, halafu mnanirudisha? Nikitoka hapa sirudi, najijua. Niamsheni. Kama ni kufa, nife nimeanza."

"Nisikilize vizuri. Kinga yako imelala, ndiyo maana hao wadudu wamekaa kichwani wanakula wanashiba, hakuna wa kuwauliza. Tukiwaamsha askari wote leo, watawakuta humo humo na kuwapiga humo humo. Vita vitavimbisha ubongo, na fuvu halitanuki. Hutafika Jumapili."

Yotamu akautazama mlango.

"Na nani kasema unatoka?" Ezelina akaendelea. "Kitanda chako kile pale dirishani. Dripu ya kwanza naiweka sasa hivi. Hujarudishwa wewe, umeshaanza."

Yotamu alijifunika uso kwa kiganja, akalia, mtu mzima na ndevu zake, na hakuona aibu.

Siku ile ile Subilaga akambadilisha Mwamshi: salamu ibaki salamu, na kila mtu apimwe, foleni ikafike inakotaka kufika. Alipomaliza, Mwamshi akamwambia kwa adabu yake, "Zipo kumbukumbu nne zinazofanana na ya mzee Yotamu. Nizifungue?"

"Baadaye," alijibu.

Mwamshi aliuliza tena kesho yake, na keshokutwa, na kila asubuhi kwa wiki tano, na kila asubuhi Subilaga alisema baadaye. Aliogopa, basi. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

Dawa ikamaliza kazi, Yotamu akaamshwa kinga. Siku ya tisa Mwamshi alimpigia milio mia mbili na arobaini, na mwenyewe alikuwa akigombana na mpishi kwamba ugali ule ni uji uliokosa malezi. Wakubwa wa hospitali wakaja kumpongeza Subilaga na kupiga naye picha. Walipoondoka alijifungia ofisini, akazifungua zile kumbukumbu.

Majina yalikuwa manne. Wote wanne walijibu sijambo, wote walikufa kabla ya wiki ya tatu, na sababu ikaandikwa: mwili haukupokea tiba. Jina la tatu lilikuwa Oliva Mligo, miaka thelathini na minne, aliyefariki mwaka jana.

Alimkuta Ezelina stoo, akikunja mashuka.

"Mama Ezelina, Oliva Mligo ni nani kwako?"

Ezelina hakuacha kukunja. "Mdogo wangu. Kitindamimba wetu."

"Ulijua kilichomuua?"

"Nilishuku. Nilikuwa mlangoni siku ile, nikamsikia akisalimiwa. Akanitazama, tukacheka wote wawili, jamani mashine ina adabu hii! Kichwa kilimuuma tangu wiki iliyotangulia, na vidonge vya maumivu nilimpa mimi. Nikajua atakisema tu. Nikaenda kunywa chai."

Subilaga alikuwa na mengi ya kusema. Kwamba kosa lilikuwa lake peke yake, kwamba angeiandikia kila familia kwa mkono wake. Lililotoka lilikuwa neno moja.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa."

Subilaga, ambaye daima alikuwa na mahali pa kuwahi, alishika ncha mbili za shuka, Ezelina akashika mbili. Wakalikunja. Wakakunja la pili, na la tatu.

"Sijapoa," Ezelina akasema. "Nakuchukia, Injinia. Nakuchukia tangu mwaka jana, na kila asubuhi nakusalimia."