Shikamoo ya Mzee Harudi

Ndugu zangu, nyumba ninayotaka kuwasimulia ilikuwa nyumba ya furaha, wala sisemi hivyo kwa kuwapamba wenyewe. Ukipita barabarani asubuhi ungesikia vicheko kabla hujauona mlango. Siku ile ya kufungua msimu, baada ya mvua ya miezi miwili iliyofunga njia za mlimani, baba, mama na binti yao walikuwa mezani wakinywa chai. Mabegi mawili yalikuwa yameegemea ukuta, na buti zilikuwa zimepakwa mafuta.

Baba alikuwa kiongozi wa wapanda mlima, mwaka wa ishirini na sita kazini. Wapagazi walimwita Mzee Harudi, kwa sababu hakuwahi kugeuza njiani hata mara moja. Mama hakulipenda jina hilo.

"Jina gani la kumpa mtu mwenye mke?" alizoea kusema. "Si wangemwita Mzee Atarudi?"

Binti ndiyo kwanza alikuwa amepata cheti cha usaidizi wa kiongozi, na hii ilikuwa safari yake ya kwanza chini ya baba yake. Yeye ndiye aliyekabidhiwa kipimo cha kidole, kile kibanio kinachoonyesha kiasi cha hewa iliyomo katika damu. Asubuhi na jioni alitakiwa kumpima kila mtu na kujaza karatasi ya afya. Wapagazi hawakuchelewa, wakambandika jina la Kipimo, na sisi tumwite hivyohivyo.

Mzee aliivuta ile karatasi, akatafuta mstari wake, akaanza kuandika. Tisini na nne, tisini na tatu, tisini na mbili.

"Baba, hiyo ni ya siku ya tatu! Hata hatujaondoka."

"Mimi na huo mlima tunajuana, mama," akamjibu binti yake, akaendelea mpaka siku ya tano, akaandika tisini, akaweka kalamu chini.

Wakacheka wote watatu. Kisha akakohoa, kikohozi kirefu kilichomfanya ashike ukingo wa meza. Mama ndiye aliyewahi kuacha kucheka.

"Hicho kifua kina wiki mbili sasa."

"Vumbi tu."

"Vumbi! Na mvua yote hii iliyonyesha?"

Kipimo aliinama kufunga kamba za buti. Kibanio kilikuwa mfukoni mwake, na wazo la kukitoa lilimjia. Lakini angeanzaje kumbana baba yake kidole kama mgeni aliyeshuka jana? Akakiacha mfukoni. Usimlaumu upesi, msomaji, maana wengi wetu tungefanya vilevile.

Wageni walikuwa wanne, mwalimu mstaafu ambaye alikuwa mama mcheshi, pamoja na wanafunzi wake watatu wa zamani. Kila asubuhi Kipimo alipita hema kwa hema. Kichwa kinauma? Umekula? Umetapika? Aliwapanga wageni na wapagazi, akawatembeza kwenye mstari mnyoofu, kisigino kikigusa kidole, ili aone kama kuna anayeyumba. Hakumwonea haya mtu. Halafu alifika kwenye hema la mwisho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Umeamkaje?"

"Salama."

Basi, yameisha. Tuna lugha tamu ya kusalimiana, jamani, lakini tusidanganyane. Mtu wetu ukimuuliza habari atakujibu nzuri, ndipo aongeze kwamba nyumba yake imeungua. Na akiwa mkubwa kwako hata hiyo nyongeza huipati. Kipimo alijibiwa salama siku nne mfululizo, na hakuwa na namna ya kuuliza mara ya pili bila kuonekana amekosa adabu.

Mpishi naye aliona yake. Tangu siku ya tatu sahani ya mzee ilirudi kama ilivyokwenda. Mpishi akaimwaga, akaiosha, akafunga mdomo.

Asubuhi ya siku ya tano mahema yalikuwa meupe kwa barafu, na jua lilikuwa limeshatoka. Kipimo alimkuta baba yake ameketi juu ya jiwe, buti moja mguuni, nyingine mkononi.

"Shikamoo, baba."

Mzee aliinua uso, akamtazama kwa muda, akasema kwa heshima zote, "Shikamoo."

Kambi nzima ikaangua kicheko. "Leo mzee kaamka na utani!" mpishi akapiga kelele. "Kipimo, umeshakuwa bibi!" Wapagazi wakashika mbavu. Naye Kipimo, kwa kuwa wote walikuwa wanacheka, akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu," na wakacheka tena. Jibu hilo linamuuma mpaka leo.

Wakaondoka. Walitembea saa mbili nzima, mzee akiwa mbele kama kawaida yake, wakipanda tu. Kipimo alikuwa mkiani. Kwenye kona moja aliona baba yake anakata kushoto ambako hakuna njia, anasimama, anarudi, anakata tena kulekule. Akapita wageni mbiombio. Alimkuta anahangaika kuvaa glovu ya kushoto kwenye mkono wa kulia.

"Baba, vipi?"

"Dada," mzee akasema taratibu, "mama ameshatoka sokoni?"

Shangazi yake, dada mkubwa wa baba, alifariki miaka kumi na tisa iliyopita. Kumbe ile shikamoo haikuwa utani. Alikuwa akimwamkia dada yake.

Safari hii hakuomba ruhusa. Alimvua glovu, akambana kidole. Kibanio kikaonyesha sitini na moja. Kwenye karatasi, mstari wa kiongozi, siku ya tano, palikuwa pameandikwa tisini kwa mwandiko mzuri.

"Tunashuka," akasema. "Sasa hivi."

"Mimi sirudi," mzee akanung'unika.

Mpagazi mmoja, mtu mzima, akajikuna kichwa. "Dada, mwenye kusema turudi ni yeye. Yeye ndiye mkubwa."

"Mkubwa hanijui mimi ni nani!" Kipimo akasema. "Leteni mtungi wa hewa. Na machela."

Mpishi ndiye aliyetangulia kutua mzigo. "Hajala tangu juzi," akasema akitazama chini.

"Na hukuniambia?"

"Ningeanzaje, Kipimo? Mtu mzima kanyamaza, mimi niende kumsemea?"

Na Kipimo mwenyewe alikuwa hivyohivyo. Akaanza kukunjua machela. Mwalimu mstaafu alikuwa ameshageuka kuelekea chini. "Mlima utatungoja," akasema. "Semeni mimi nibebe nini."

Walimfunga kwenye machela ya gurudumu moja, barakoa ya hewa usoni, wakashuka naye wakipokezana. Mzee alipigana nao mwanzoni, kisha akatulia, na kutulia kwake kulimtisha Kipimo zaidi. Mchana walifika kwenye gari. Hospitalini daktari alieleza kwamba mapafu yameingia maji na ubongo umevimba. Angeshushwa mapema, alisema, angetoka mzima. Sasa atapona, lakini kwa jinsi ubongo ulivyoumia, miguu yake haitakuwa ile.

Mama alifika akiwa na kanga ya jikoni kiunoni. Alimshika mumewe mkono.

"Haya," akasema, machozi yakimtoka. "Leo jina limekwisha. Umerudi."

Mzee hakupanda mlima tena. Leo anatembea kwa fimbo, upande upande, na anayeongoza wageni ni Kipimo. Asubuhi ya kila safari buti huegemea ukuta uleule, na chai huwa mezani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Kisha binti husimama, haendi popote, anangoja. Mzee naye hushusha pumzi.

"Kichwa kinagonga. Mguu wa kushoto umekataa. Na huu uji sijaupenda."

"Uji wangu uache!" mama hudakia kutoka jikoni.

Na mzee, bila kuambiwa, hunyoosha kidole.

FUNZO

Ndugu zangu, Mzee Harudi hakuangushwa na mlima peke yake. Alisaidiwa kuanguka na kujikaza kwake, na waliomzunguka wakauita ukimya wao heshima. Mkubwa anayeugua na kusema salama anawadanganya wanaomtegemea. Mdogo anayeona sahani inarudi imejaa na kunyamaza, naye amedanganya. Tuwaamkie wazazi wetu kama tulivyofunzwa, ila tukishajibiwa tusiondoke. Tuulize tena, hata kama watatukunjia uso. Na wewe baba, wewe mama, ukiulizwa unaumwa wapi, pataje. Usijaze karatasi ya siku ambayo hujaamka.